Bustani ya Mboga: Kulima na Kulinda

Kitabu cha Mwanzo chafundisha ya kuwa Mungu, alipomwumba mtu, hakumweka porini wala mjini, bali alimweka katika bustani. Humo akampa kazi mbili: kulima na kulinda. Dhambi ilikuwa haijaingia bado duniani. Basi kazi ya mikono si adhabu ya dhambi, kama wasemavyo vijana wengine wakirudi kutoka shuleni na kulionea jembe haya. Miiba na jasho ndivyo vilivyokuja baadaye. Kazi yenyewe ilikuwako tangu asubuhi ya kwanza.

Lakini katika hizo kazi mbili, wanaoanza bustani ya mboga hukumbuka moja tu. Hulima. Hulima kwa nguvu na kwa furaha, huwaita majirani waje kuona matuta. Kisha juma la tatu hawaonekani tena, na wavunaji ni kuku. Kulinda kumesahauliwa. Na kulinda si kuwafukuza kuku tu. Ni kazi ya kila siku, ndogo, isiyosifiwa na mtu, na kwa sababu hiyo ni ngumu kuliko kulima.

Ndugu wapenzi, sikilizeni mfano huu. Palikuwa na kijana mmoja wa milimani, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, Mkristo, aliyemaliza madarasa yake ya shule, mwenye mke na watoto wawili. Mke wake alishika mimba ya tatu mapema, na mtoto wa pili akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Chakula chake kikawa ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi. Baada ya miezi michache mtoto akavimba miguu, nywele zake zikageuka rangi zikawa nyekundu na laini, ngozi ikachubuka. Hakucheka tena wala hakulia kwa nguvu. Alikaa tu mlangoni. Watu wa Kivu waujua ugonjwa huo, waita bwaki, na jina hilo limeumiza nyumba nyingi hata huko Bukavu ikaundwa kamati iliyojiita kwa jina la kuupinga.

Masista wa dispensari wakampokea mtoto, wakampa maziwa na dawa kwa majuma kadhaa, uvimbe ukashuka. Siku ya kumrudisha nyumbani, Sista akawaambia wazazi: «Mtoto huyu akirudia ugali mtupu, atarudi hapa. Na si kila mtoto anayerudi hapa mara ya pili anatoka.» Akawaagiza wampe maharagwe, samaki wadogo wa ziwani, yai likipatikana, na kila siku mboga za majani. Maana mboga peke yake haziondoi bwaki. Nyama ya mwili yajengwa na maharagwe na samaki. Lakini mboga zalinda macho ya mtoto, zaongeza damu, zausaidia mwili kushindana na magonjwa. Mtoto asiyekula mboga wala mawese aweza kupoteza nuru ya macho, kwanza jioni jua likizama, kisha kabisa.

Baba akaogopa. Woga huo ulikuwa mwema, ila uliharakisha miguu kuliko akili. Siku iyo hiyo akachukua jembe.

Mke wake akamwambia, «Baba watoto, je, tusimwulize mama kwanza?» Kwa kuwa mama yake, aliyekaa ng'ambo ya bonde, aliuza mboga sokoni tangu ujana wake. Mume akajibu, «Mama mkwe namheshimu. Lakini yeye hakusoma, nami nina kitabu.» Kitabu alikuwa nacho kweli. Hakuwa amekifungua.

Akachagua mahali penye nafasi: chini ya mikaratusi, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, mbali na kijito. Hakujiuliza kwa nini pale hapakuwa na mtu aliyelima. Mkaratusi hunywa maji ya udongo kuuzidi mti mwingi mwingine, na kivuli chake huficha jua. Nazo mboga zilizo nyingi hutaka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Akapima hatua hamsini kwa hatua thelathini. Masimulizi ya kale yasema kwamba Mtakatifu Fiacre, mtawa wa Ireland aliyeishi Ufaransa katika karne ya 7, ambaye watunza bustani wamemfanya msimamizi wao, aliahidiwa na askofu eneo lote atakaloweza kulizungushia mfereji kwa siku moja. Naye alipoliburuta sepeto lake chini, udongo ukajifungua wenyewe mbele yake. Kijana huyu hakuwa Fiacre. Udongo haukujifungua. Alilima siku nne, mikono ikatoka malengelenge, na siku ya tano alikuwa amechoka kabla ya kupanda mbegu moja.

Hilo ndilo kosa linaloua bustani nyingi kuliko wadudu wote: kuanza kwa ukubwa. Matuta manne yenye upana wa mita 1 au mita 1.20, kusudi mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo, na urefu wa mita 5, yakitunzwa vema na kupandwa kwa zamu, huweka mboga katika chungu cha nyumba karibu kila siku. Shamba kubwa lisilotunzwa hulisha panzi. Mwenye kiburi hupenda kupimwa kwa ukubwa wa alichoanza. Mungu humwuliza mtu habari ya kidogo alichokabidhiwa.

Tena ilikuwa mwisho wa Mei. Katika milima ya Kivu mvua hukoma wakati huo hata Septemba. Kulima mboga wakati wa jua si kosa. Watu wa Katanga wajua ya kuwa kabichi na nyanya za kiangazi, zilizopandwa kando ya mito, ni nzuri kuliko zile za masika, kwa maana mvua nyingi huozesha nyanya na kuleta ukungu. Lakini bustani ya kiangazi huwekwa penye maji, wala mtu hapandi kwanza ndipo atafute maji.

Kisha akatia samadi. Kutoka zizi la jirani alileta kinyesi cha mbuzi kilicho kibichi, chenye moto bado ndani yake, akakichanganya na udongo, na kesho yake akapanda. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, nayo huleta magugu ambayo mbuzi walikula mbegu zake. Yapasa ikae chunguni mwake, yaani katika rundo lililofunikwa majani ya migomba, pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, ikigeuzwa na kunyunyiziwa maji, miezi miwili au mitatu, hata iwe nyeusi na kunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Hapo haimchomi mtu wala mche. Neno hili la kungoja ndilo wanaoanza hawalitaki. Wakatekumeni nao hulalamika ya kuwa mafundisho ni marefu. Wengine hutaka ubatizo wa juma lijalo.

Mbegu akazizika. Mbegu ya lengalenga ni ndogo kama chembe ya mchanga mzuri, naye aliitia shimoni kwa kina cha kidole kizima, kama mahindi. Haikuota. Desturi njema ni kuifunika mbegu kwa udongo mara mbili au tatu ya unene wake tu; na zile ndogo kabisa huchanganywa na mchanga, hutawanywa juu ya tuta lililosawazishwa, hufunikwa kidogo sana. Kabichi, ambazo wengi katika Kongo huziita shu, alizipanda moja kwa moja shambani bila kitalu. Miche iliyotokea ikakatwa shingo na viwavi wa usiku. Karoti, kinyume chake, alizipanda kitaluni akazihamisha, kumbe karoti ni mboga isiyopenda kuhamishwa: mzizi wake ukikunjwa hugawanyika kama miguu ya chura. Zile zilizobahatika kuota zikatoka zimebanana kama nywele, naye akafurahi kwa wingi wake.

Mke akasema, «Yafaa tupunguze.» Mume akajibu, «Tung'oe tulichopanda? Na mtoto ana njaa?»

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana jibu hilo lina sura ya huruma. Nani angemlaumu? Lakini karoti mia moja katika nafasi ya karoti kumi hazitoi karoti mia moja. Hazitoi hata kumi. Hutoa nyuzi. Kila mche wanyang'anya mwenzake maji na nuru, na yote hufa kwa sababu hakuna aliyekubali kupotewa na baadhi. Wako Wakristo walio namna hiyo. Hawana dhambi kubwa ya kutajwa. Wana mambo mengi mema yaliyobanana: chama hiki, biashara ile, ziara kwa jamaa, matanga, mikutano. Sala ipo katikati, nyembamba kama uzi. Wakiambiwa waache moja hujibu, «Kwani ni baya?» Si baya. Ni karoti. Lakini mkulima hung'oa karoti pia, si magugu peke yake.

Na mtu asije akatoa udhuru katika Evanjili, kwa ule mfano wa ngano na magugu, ambapo mwenye shamba aliwazuia watumwa wasing'oe magugu mpaka mavuno. Udhuru huo husikika, hasa kwa walio wavivu. Yezu alikuwa akisema juu ya watu, ambao Mungu peke yake ndiye awezaye kuwatenga, na ambao kwa neema aliye gugu leo aweza kuwa ngano kesho. Gugu la bustanini haliongoki.

Basi kijana akaendelea. Alimwagilia saa sita mchana, baada ya kazi nyingine, kidogo kidogo juu juu. Jua likayala maji yale kabla hayajafika mizizini. Maji hutiwa asubuhi na mapema au jioni, mengi ya kutosha kuzama; ni afadhali kulilowesha tuta sawasawa kila baada ya siku mbili kuliko kulitemea mate kila siku. Udongo hufunikwa kwa nyasi kavu ili usikauke. Nyanya humwagiliwa chini, shinani, si juu ya majani, kwa maana majani yakilala maji hupata ukungu na kuwa meusi. Haya yote yalikuwamo katika kitabu.

Ua hakuweka. Mwezi wa Julai ulipoanza, mbuzi watatu waliingia usiku mmoja, na kulipopambazuka palisalia nyanya chache pembeni, nazo zimejaa vidukari. Akamwendea jirani mwenye kulima viazi, akapewa chupa ya bia yenye dawa nyeupe ya kunyunyizia. Akaileta nyumbani, akaiweka dirishani karibu na chupa ya mawese.

Jioni ile mke akatazama miguu ya mtoto. Akaibonyeza kwa kidole. Shimo likabaki.

Hakusema neno. Mume naye aliona. Akatoka nje, akakaa gizani muda mrefu, kisha akavaa koti akavuka bonde kwenda kwa mama mkwe.

Kwenda kuomba kwa mkwe si jambo jepesi kwa mwanamume. Kila asomaye haya alijua. Alisimama uani, akabisha hodi, akasema kwa sauti ya chini, «Mama, nimeshindwa. Nilidhani ninajua.» Yule mama hakumcheka. Akamjibu, «Mwanangu, aliyeshindwa ni yule ambaye hakuja. Kaa, ule.» Ungamo jema lina maneno machache namna hiyo, na jibu lake ni fupi vilevile.

Asubuhi walikwenda kwanza dispensari pamoja na mtoto, maana bibi huyo alijua ya kuwa bustani si dawa ya leo. Mtoto akapewa tena maziwa, na siku zote za matunzo yake bibi akamletea mboga kutoka matuta yake mwenyewe, maharagwe, na sambaza kutoka sokoni. Samaki hao wadogo, yafaa ijulikane, hawakuwa wenyeji wa Ziwa Kivu. Walitolewa Tanganyika na kutiwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo wamelisha watoto wasiohesabika.

Alipofika nyumbani kwa mkwewe, kitu cha kwanza alichokigusa ni ile chupa dirishani. Akauliza ni nini. Alipoambiwa, akasema, «Mtoto akisikia kiu usiku, atajuaje?» Akaamuru irudishwe kwa mwenyewe siku ile ile, isimwagwe kijitoni. Sumu ya wadudu, aliyeinunua na aitumie kwa kipimo kilichoandikwa, na angoje siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Asiyejua kipimo wala siku, asiiguse. Mboga iliyonyunyiziwa jana haioshwi ikawa safi. Kwa matuta manne ya nyumbani, viwavi huokotwa kwa mkono asubuhi, na vidukari huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Mama huyo hakuwa na neno lingine juu ya jambo hili, wala halikuhitaji lingine.

Kisha akatazama nyuma ya jiko. Palikuwa na kipande kidogo chenye jua, kilichozoea kumwagiwa maji ya kuoshea mboga na maharagwe. «Hapa,» akasema. Wanawe walikuwa wamebeba vikapu viwili vya mboji yake ya zamani. Wakatengeneza matuta manne, wakazungusha ua wa matete. Katika tuta la kwanza walitawanya lengalenga, lakini nusu tu ya tuta. Nusu ya pili ilipandwa baada ya siku kumi na nne, kusudi mboga zisije zote siku moja na kuisha siku moja. La pili likapata karoti na vitunguu. La tatu, miche ya kabichi aliyokuja nayo, yenye majani manne au matano. Wakaipanda jioni, jua likiwa limepungua, kila mche mbali na mwenzake nusu mita, wakaifunika kwa vijani vya migomba siku tatu. La nne likawekwa maharagwe, si nyanya. Kijana akauliza kwa nini. «Viazi vilikuwa hapa mwaka jana,» akajibu. Nyanya, viazi, bilinganya na pilipili ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja humngojea ndugu yake udongoni. Yafaa ipite miaka mitatu hivi kabla ukoo huo haujarudi katika tuta lile lile. Hakujua jina la ugonjwa huo. Alijua kwamba mche hunyauka mchana ukiwa mbichi bado, wala haunyanyuki tena.

Haidhuru kama msomaji hana hata matuta manne. Kandokando ya Goma, watu waliokimbia vita na kuacha mashamba yao wameotesha mboga katika magunia yaliyojazwa udongo, yenye mawe katikati ya kupitisha maji, na miche imechomoza ubavuni. Nafasi ya gunia moja. Nao hulilinda, maana hawana lingine.

Alfajiri ya tatu Mkatoliki mmoja aliyepita kwenda Misa alimwona kijana akiwa ameinama nyuma ya jiko, na kopo lililotobolewa matundu mkononi. Alimdhania kuwa mtumishi. Maria Magdalena naye, asubuhi ya Pasaka, alimwona Bwana mfufuka akamdhania kuwa mtunza bustani. Na walimu wengi wa Kanisa wamesema ya kuwa hakukosea sana.

Juma la nne lengalenga zikafika urefu wa kiganja na zaidi. Bibi akamwonyesha binti yake, ingawa alijua, na mkwewe, ambaye hakujua: zisichumwe kwa kung'olewa, bali zikatwe kwa kisu juu kidogo ya udongo, nazo zitachipua tena mara mbili au tatu. Zioshwe kabla ya kukatwakatwa, si baada, maana nguvu yake hukimbia na maji. Zisichemshwe hadi ziwe nyeusi. Mwisho hutiwa mawese kijiko kimoja, ambayo yenyewe yana ile nguvu ya kulinda macho, na husaidia mwili kuipokea iliyo katika majani.

Mtoto alikula, akanyosha sahani.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kupunguza karoti. Mama mkwe alikuwa amekwisha kurudi kwake. Kijana alipiga magoti kando ya tuta peke yake, akaanza kung'oa, mmoja huku, mmoja kule, akiacha nafasi ya vidole viwili, na kila alipong'oa uso wake ulikunjamana kama mtu anayetolewa mwiba. Mtoto alisimama nyuma yake. Alikuwa akiokota ile miche, akiifunga kifungu kidogo, na kuwapelekea dende waliokuwa wakilia chini ya kitanda cha jikoni.